Miaka Ishirini na Saba ya Bwana Ogeto na Magoti Yetu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, saa nane mchana, Bwana Jeremia Ogeto Onsongo atafunga mlango wa chumba cha matibabu ya wanamichezo hapa Chuo cha Ualimu Riang'eti, Kenyenya, na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi sita ya utumishi. Sherehe imewekwa mapema kwa ombi lake mwenyewe, ili kila Msabato awe amefika kwake kabla jua halijazama. Wale wenye hotuba ndefu wamekwisha kuonywa, na wanajijua.

Nimeomba mwenyewe kuandika wasifu huu. Mimi ni Mose Onyiego, kocha wa kandanda wa chuo tangu mwaka 2004, na chumba changu cha vifaa kinapakana na chumba chake. Kati yetu kuna ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akikohoa namsikia, na nikiimba ananivumilia. Wengi waliojiunga nasi miaka ya karibuni wanamjua Bwana Ogeto kwa jambo moja tu: barua ya onyo aliyoandikiwa mwaka 2016 kwa sababu ya goti la mchezaji wetu Fardosa Abdirizak. Barua hiyo bado imo kwenye faili lake, na anastaafu nayo. Haikustahili kuandikwa, na anayelijua hilo kwa hakika ni mimi. Nitaifikia. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Mhariri wa jarida hili aliniagiza nitafute picha ya mstaafu akiwa kazini. Nilipekua albamu zote za idara ya michezo, tangu zile za karatasi hadi zilizo kwenye simu za watu. Kuna picha za vikombe, za makocha waliobebwa juu juu, za wapishi, hata moja ya mbwa wa mlinzi akiwa amevaa skafu ya timu. Uso wa Bwana Ogeto haumo. Katika kumi na moja yuko kwa nyuma, mbali, ameinama juu ya mguu wa mtu, na kinachoonekana ni mgongo na kofia. Sisi tulipokuwa tukishangilia, daima kulikuwa na mmoja ambaye hakuweza kusimama, na Ogeto alikuwa naye. Niliona haya kugundua jambo hilo wiki hii, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kukaa jirani.

Alizaliwa Ekerenyo mwaka 1965, kwenye shamba la chai na migomba ambalo mkewe, Bi. Mokeira, amelitunza miaka yote hii huku mumewe akikaa katika nyumba ya wafanyakazi yenye kitanda kimoja na viti viwili. Alisomea tiba ya viungo, akafanya kazi hospitalini kwa miaka kadhaa, kisha Mei 1998 akaja kwetu. Sanduku la huduma ya kwanza alilokabidhiwa lilikuwa na chupa ya iodini na bendeji moja iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Matibabu yaliyokuwepo kabla yake yalikuwa ndoo ya maji baridi na maneno makali. Mchezaji alimwagiwa, akaambiwa ainuke, na akiinuka tulisema amepona. Bwana Ogeto alipiga ndoo hiyo marufuku katika wiki yake ya kwanza. Makocha wa wakati huo walimwona mtu wa kuleta ucheleweshaji, na mimi nilipokuja niliurithi mtazamo huo pamoja na filimbi.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu, na utaratibu huo haukubadilika hata mvua ikimwaga na mwamuzi akituharakisha. Kwanza aliuliza. Mguu ulikuwa wapi ulipoumia, mwili ulikuwa ukielekea wapi, ulisikia mlio, umewahi kuumia hapo? Kisha alitazama bila kugusa: rangi, uvimbe, namna mtu anavyokaa na anavyoficha. Kisha aligusa, akianzia mbali na panapouma. Mwisho alijaribu: mchezaji asogeze kiungo mwenyewe, halafu asogezwe, halafu asukume dhidi ya mkono wake. Na kila hatua aliianzia kwenye kiungo kizima. Wanachuo wapya walidhani mzee amechanganyikiwa, mtu analilia mguu wa kulia naye kashika wa kushoto. Aliwaeleza kwa upole kwamba goti la kawaida halipo vitabuni. La kawaida kwako ni lile lako jingine.

Kifundo kikiteguka alibonyeza mfupa nyuma ya kifundo, akabonyeza ule wa ukingo wa unyayo, kisha akamwomba mchezaji atembee hatua nne. Mfupa ukiuma, au hatua nne zikishindikana, ni eksirei. La sivyo ni barafu, bendeji na subira. Barafu yenyewe ilitoka katika friji ya bucha ya Mzee Ochoki pale sokoni, ambaye alimwekea pakiti za maji kila wiki na kumkabidhi kwa maneno yale yale: "Daktari, barafu yako ni hii, lakini usiniulize imelala na nini." Timu nzima ya mpira wa wavu ya mwaka 2007 ilinuka matumbo, na ikafika nusu fainali.

Uzito wa mazoezi hatukuwa nao. Alikwenda Tabaka akaongea na wachongaji, wakamchongea mawe ya kilo moja, mbili na tatu yenye mahali pa kushika, laini kama sabuni. Wakamchongea pia goti zima, mifupa yake ikifunguka na kufungika, ambalo alifundishia. Mgeni mmoja kutoka nje aliyetutembelea alidhani ni sanaa akataka alinunue. Bwana Ogeto akamwambia goti haliuzwi, liko kazini.

Baada ya kupima, aliandika mambo manne: aliyosema mchezaji, aliyoyaona yeye, anachoamini kimetokea, na watakalofanya na lini. Tangu mwaka 2009 akaongeza la tano, na hilo sijaliona katika chuo kingine chochote. Mwaka huo tulikuwa na mkimbiaji aitwaye Obwocha, ambaye msuli wake wa nyuma ya paja uligoma kupona kwa wiki sita. Mpango ulikuwa mzuri, barafu ilikuwapo, mazoezi aliyafanya. Bwana Ogeto akapanda boda boda mwisho wa juma hadi kwao, akamkuta akishuka mteremko mkali na kikapu cha majani ya chai mgongoni kuelekea kituo cha kununulia, mara mbili kwa siku, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Hakumkaripia. Aliketi na yule mama, akala ugali kwa mboga ya chinsaga, na wakapanga pamoja ni binamu yupi atabeba majani kwa wiki tatu. Obwocha alikimbia mwezi wa Juni akashika nafasi ya pili. Tangu hapo kila karatasi ya matibabu ya chumba kile ina mstari wa tano unaouliza: nyumbani kuna mlima gani, nani anateka maji, nani anachuma chai?

Mtu wa namna hii hapendwi wiki ya mchezo mkubwa. Wachezaji walimbandika jina la Bwana Asicheze. Mimi ndimi niliyelieneza. Siku za fainali aliketi mwisho kabisa wa benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na sisi, na hakula nasi kabla ya mchezo ili mtu asimbembeleze chakula kikiwa mezani. Kwa watu wetu, kukataa sahani ni neno kubwa. Tulimchukulia kuwa na majivuno. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alisema tu kwamba ni vigumu kumwambia mtu hapana ukiwa umetoka kumega naye ugali. Alikula baadaye, peke yake, chakula kikiwa kimepoa.

Sasa nifike kwenye barua.

Bwana Ogeto ni Msabato, na kwa miaka mingi alikuwa shemasi kanisani kwake. Kutibu siku ya Sabato aliona ni rehema, na rehema haina siku. Kuandika ripoti aliona ni kazi. Kwa hiyo Jumamosi aliuliza, akatazama, akagusa na kujaribu kama siku yoyote, lakini kalamu ilibaki mezani mpaka jua lizame. Aliyoyakuta aliyabeba kichwani na kumweleza kocha husika kwa mdomo, akaandika usiku ukiingia. Sisi sote tuliujua utaratibu huo. Nusu ya wafanyakazi ni Wasabato, mimi nikiwemo, na hakuna aliyewahi kuushangaa.

Alhamisi tarehe 10 Machi 2016, mazoezini, Fardosa Abdirizak alikanyaga chini, akageuka, na goti la kulia likamwendea ndani. Fardosa alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, binti wa mfanyabiashara wa Kisii mjini, na winga mwenye kasi kuliko wote niliowahi kufundisha. Jumapili tulikuwa na fainali. Bwana Ogeto alimpima pale pale uwanjani, mguu mzima kwanza. Misuli ilikuwa imekaza kulilinda goti, na goti lililokazwa hivyo halitoi habari zote. Kwa hiyo Ijumaa aliandika kwenye faili kwamba uvimbe ni kidogo, kipimo hakijakamilika kwa sababu ya misuli, apimwe tena Jumamosi, na akionekana imara na kukata kona bila maumivu anaweza kuruhusiwa.

Jumamosi alasiri, baada ya ibada, alimpima tena. Kisha akanifuata nilipokuwa nimeketi kwenye ngazi za ukumbi. Nayakumbuka maneno yake kama yalivyotoka: "Mose, huyu mtoto asicheze. Hiyo goti haina breki." Akanieleza kwa mikono yake miwili. Misuli sasa imelegea, na mfupa wa muundi ukivutwa unakuja mbele wala hausimami pale unaposimama ule wa mguu wa pili. Kano ya ndani imeumia. Akaniambia pia kwamba msichana atakimbia moja kwa moja bila maumivu, na kwamba hilo ndilo litakalotudanganya. Angeandika jua likizama. Nikasema sawa.

Jioni hiyo nilipakia vifaa vya safari, faili likiwemo, nikafunga vyumba vyote viwili na kwenda nyumbani na ufunguo. Hilo nililifanya bila nia mbaya. Ni la mwisho kwenye orodha yangu ninaloweza kulisema hivyo. Bwana Ogeto alikuja saa moja kuandika, akakuta mlango umefungwa. Asubuhi na mapema aliondoka na timu ya mpira wa wavu kwenda Nyamira, kwa kuwa alikuwa tabibu mmoja wa timu zote, na sisi tukaelekea Kisii. Alijua ameshanieleza.

Ndani ya basi nilifungua faili. La mwisho lililoandikwa lilikuwa la Ijumaa. Nililisoma mara tatu, na kila mara nilisoma neno "kuruhusiwa" kwa sauti zaidi moyoni. Fardosa akaja kuketi karibu nami. Akasema Bwana Ogeto alimwambia jana kwamba hatacheza, akauliza kama bado ni hivyo. Nikamwambia amebadilisha, amekuruhusu. Alifurahi sana. Alifunga viatu vyake hapo hapo, tukiwa bado na nusu saa ya njia.

Dakika ya thelathini na moja alipokea pasi, akamzunguka beki, akakanyaga ili akate ndani. Hakuna aliyemgusa. Sisi tuliokuwa benchi tuliusikia mlio wa goti. Tulishinda mchezo ule bao moja kwa bila, na kikombe kiko ofisini kwa Mkuu wa Chuo hadi leo. Fardosa alifanyiwa upasuaji, akapoteza mwaka mmoja wa masomo, na hakucheza mpira tena.

Kamati iliketi. Bwana Ogeto akasema alinieleza kwa mdomo siku ya Jumamosi. Nikaulizwa. Nikasema sikumbuki kuelezwa chochote, na kwamba nilifuata maandishi. Mwenyekiti akafungua faili, akaonyesha ukurasa mtupu wa Jumamosi, akasema jambo lisiloandikwa halikutendeka. Nilidhani Ogeto atanigeukia mbele ya watu. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa, akasema ni kweli hakuandika. Akapewa barua ya onyo. Mimi nikapewa mkono wa pole kwa kumpoteza mchezaji.

Yaliyofuata niliyasikia kupitia ukuta wa mbao, au tuseme sikuyasikia, maana chumba kilinyamaza. Wachezaji waliacha kwenda. Aliyeteguka alikwenda sokoni kukandwa, na wengine walikwenda mbali zaidi kutafuta mtu ambaye hajaandikiwa barua. Bwana Ogeto aliendelea kufungua mlango saa moja asubuhi. Alikunja taulo, akapanga mawe yake ya Tabaka kwa uzito, akaketi. Nilipokuwa nikitafuta habari za wasifu huu, nilifungua daftari lake la mahudhurio la mwaka huo. Katika muhula wa pili kuna kurasa zenye mwandiko wake mzuri, tarehe baada ya tarehe, na mbele ya kila tarehe maneno mawili: "Hakuna aliyekuja." Nilihesabu siku hamsini na tatu. Siku hizo zote nilikuwa upande wa pili wa ukuta, hatua sita, nikijaza mipira upepo.

Kuna jingine ambalo sikulijua mpaka mwaka jana. Baada ya barua, aliamua hataacha tena Jumamosi yoyote bila maandishi. Akaanza kuandika siku ya Sabato. Hakuna aliyemfukuza wala kumtuhumu kanisani; yeye mwenyewe aliona mkono unaofanya kazi siku hiyo haufai kugawa mkate, akaomba apumzishwe ushemasi. Amekaa benchi la nyuma kwa miaka tisa. Nilikuwa nikimwona pale nyuma na kudhani anapenda kuwa karibu na mlango.

Polepole watu walirudi chumbani, kwa kuwa vifundo haviachi kuteguka na Ogeto hakuacha kuwa bora. Lakini walirudi kama watu wanaokwenda kwa daktari kwa sababu hakuna mwingine. Walimjibu maswali, wakapimwa, wakaondoka. Zamani walikaa wakipiga soga juu ya meza yake ya matibabu hata baada ya kupona. Kiti chake cha pili, cha wageni, kilianza kuwekewa taulo. Mimi na yeye tuliendelea kusalimiana kila asubuhi, bwakire, bwakire buya, na kuongea habari za mvua. Nilizoea. Nasema ukweli huo kwa aibu: mtu anaweza kuzoea kumwona mwenzake akiwa mpweke kwa ajili yake, mradi asalimiwe vizuri.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumwona Fardosa. Sasa ni mwalimu katika shule moja ya msingi upande wa Nyamira, ana watoto wawili, na hushuka ngazi akishika ukuta. Nilimweleza yote uwanjani kwao, wakati wa mapumziko, watoto wakikimbia karibu nasi. Hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliniuliza kama Bwana Ogeto anajua nilichomwambia yeye ndani ya basi. Nikasema hajui, yeye anajua tu kwamba nilikana mbele ya kamati. Akasema, "Kwa hivyo mwalimu, mimi nimemnyima huyo mzee salamu miaka tisa bure?" Kisha akanieleza kwamba mara mbili alikutana naye stendi ya Kisii, mara zote mbili mzee alisimama kumngoja afike, na mara zote mbili yeye akavuka barabara. Kengele ikalia akarudi darasani.

Nimemwandikia Mkuu wa Chuo, Bi. Gladys Momanyi, kwamba jibu nililoipa kamati mwaka 2016 lilikuwa la uongo. Nimeomba barua ya onyo iondolewe kwenye faili la Bwana Ogeto kabla hajakabidhi ufunguo, na nyingine iandikwe kwa jina langu. Nimebakiza miaka mitatu ya kazi. Bi. Momanyi ameipokea, amenitazama juu ya miwani, na ameniambia atanipa jibu baada ya sherehe. Nitalisubiri.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Bwana Ogeto nakala ya maneno haya. Alitoa taulo kwenye kiti cha pili nikakaa. Alisoma kwa utaratibu wake, bila haraka, kalamu mkononi. Alisahihisha mahali nilipokosea mfupa. Alipofika kwenye habari ya basi na Fardosa, kalamu ilisimama. Akafuta macho kwa kiganja. Akasema kwa miaka yote alidhani msichana yule anamchukia kwa kutoandika, na kwamba alikuwa na haki. Hakuwa amefikiri kwamba Fardosa alimwona kama mtu aliyemruhusu kucheza. Kisha akaniambia niiondoe sehemu hiyo yote, kwa sababu nina watoto shuleni na yeye anakwenda zake. Nikamwambia haitaondoka. Hatukubishana. Alinikorogea uji, tukanywa.

Basi, kwa niaba ya wafanyakazi wote na wanachuo waliopita mikononi mwako, Bwana Ogeto, asante kwa miaka ishirini na saba. Asante kwa vifundo, mabega na mapaja, na kwa kina mama uliokwenda kuwaomba ruhusa ya watoto wao kutobeba chai. Asante kwa kila asicheze, maana wengi wetu tunatembea wima kwa sababu ya neno hilo. Tunakutakia uzee wenye magoti mazima, mvua ya kutosha Ekerenyo, na chakula cha moto pamoja na Bi. Mokeira. Fardosa amesema atakuja Ijumaa, na ameomba akae karibu nawe.

Mimi nina langu moja, na nimechelewa nalo. Jumamosi ile, kwenye ngazi za ukumbi, uliniambia asicheze. Nilikusikia.